Tajiri wa boriti na safu ya msikitini

Wiki moja ya Februari 2012 ilileta habari mbili ambazo magazeti ya ukanda huu yaliziweka kurasa mbalimbali. Jumatano ya tarehe 22, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036, na ndani yake likapiga marufuku makaa ya Somalia kuuzwa nje ya nchi. Ijumaa ya tarehe 24, jijini Nairobi, akafariki mzee Njenga Karume, waziri wa zamani wa ulinzi wa Kenya na mmoja wa matajiri waliojulikana sana nchini humo. Habari ya kwanza ilihusu magunia yaliyorundikwa Kismayo. Ya pili ilihusu mtu aliyeingia katika biashara kwa kuuza makaa.

Karume hakuficha asili ya mali yake. Alizaliwa mwaka 1929 katika eneo la Elementaita, kwenye ardhi iliyoshikwa na walowezi. Akaanza na makaa, akaingia kwenye mbao, akawa msambazaji mkubwa wa bia, mwenyekiti wa GEMA, mbunge wa Kiambaa na mwishowe waziri. Kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009 kimebeba safari hiyo kwenye jina lenyewe: kutoka makaa hadi dhahabu. Alipofunga macho, sehemu kubwa ya mali ilikuwa chini ya amana aliyoiunda mwenyewe. Haukupita muda mrefu, wadhamini wa amana na watoto wake wakafikishana mahakamani.

Bara, hadithi ya mtu wa namna hiyo husimuliwa pamoja na kanisa lake: nani alitoa mabati, nani alinunua kengele, nani aliketi kiti cha mbele kwenye harambee. Kwenye pwani inayoanzia Kismayo na kushuka visiwani hadi Ras Kamboni, na kuvuka mpaka mpaka Kiunga, Faza na Lamu, mtu huyo yupo pia, ila jengo lake ni msikiti na mzigo wake ni mti wa maji ya chumvi. Anaitwa tajiri wa boriti. Yeye na mrithi wake mbaya, tajiri wa makaa, ndio wanaotuhusu leo, kwa sababu Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na siku si nyingi mizigo ya pwani hiyo itakuwa ikipita kwenye forodha zetu kwa jina la soko la pamoja.

Fuma ni kisiwa kidogo kusini mwa Kismayo, kwenye mnyororo wa visiwa vya Wabajuni pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wenyewe hutaja Fuma Iyu na Tini, yaani ya juu na ya chini kwa Kibajuni. Upande wa bahari kuu kuna mwamba unaovunja mawimbi. Upande wa bara kuna maji matulivu ambamo dau dogo husafiri bila hofu, na kwenye mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, kama pale Birikau, ambapo ramani za Somalia huandika Buur Gaabo, ipo misitu ya mikoko. Mtaalamu wa Kiitaliano Vittorio Grottanelli aliwaandikia Wabajuni kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1955, akawaita wavuvi wa Bahari ya Hindi. Jina hilo ni la haki, lakini halikumaliza kazi zao. Wavuvi hao walikuwa pia mafundi wa vyombo na mabaharia wa mizigo, na mzigo mmoja mkubwa ulikuwa miti.

Mpaka unaotusumbua leo haukuwapo. Hadi mwaka 1925 Jubaland yote, pamoja na Kismayo na visiwa hivi, ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Mwaka huo ikakabidhiwa Waitaliano. Mtu wa Fuma mwenye shemeji yake Kiunga akajikuta raia wa dola nyingine bila kuondoka kwenye mkeka wake. Miti haikusikia habari hiyo, na biashara iliendelea kwa njia ile ile ya bahari.

Tuieleze biashara yenyewe, kwa kuwa wengi wa kizazi hiki wanaijua boriti kama kitu cha kutazamwa juu ya dari ya hoteli ya Lamu. Miti inayokatwa zaidi ni mkoko wenyewe, msindi (au muia) na mkandaa. Wakataji huingia kwenye mikono ya bahari wakati wa bamvua, maji yakiwa marefu ya kutosha kuifikisha mashua hadi mtini. Huweka dago, wakalala huko huko siku kadhaa na maji yao ya kunywa na unga wao. Shoka ndilo chombo. Mti ukianguka hukatwa matawi na kutolewa magome, na zamani hata magome yalikuwa mali, yakisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kusindika ngozi. Kisha miti hupangwa kwa unene. Ule mwembamba kabisa ni fito. Baada yake pau, halafu mazio, halafu boriti yenyewe, ambayo kwa vipimo vya Lamu ina unene wa sentimita 11 na nusu hadi 13 na nusu. Juu yake kuna nguzo, vigingi na banaa. Hesabu ni kwa korja, na korja ni miti 20. Mfanyabiashara asiyejua kutofautisha mazio na boriti kwa kushika tu aliuziwa hasara.

Wenye vyombo walikuwa wengi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na ambacho Wabajuni walikuwa mabingwa wake, ulibeba boriti kuelekea kusini hadi Unguja kabla haujatoweka baharini katika karne iliyopita. Majahazi ya Lamu yakachukua nafasi. Na kutoka kaskazini yalikuja mabumu ya Kuwait na Oman, yakishuka na upepo wa kaskazi kati ya Desemba na Machi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakirudi na kusi yakiwa yamejaa miti. Huko Ghuba, ambako jangwa halizai nguzo ya paa, boriti zetu huitwa chandali. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zimeezekwa kwazo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama vya Lamu, vyenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu hapo ndipo urefu wa mti unapofika. Mti wa mkono wa bahari wa Afrika Mashariki ndio uliopima sebule ya Mwarabu.

Baharia wa Australia Alan Villiers aliishuhudia biashara hiyo ikiwa bado hai. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda bumu la Kuwait mjini Aden, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Wakapita Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia kwenye delta ya Rufiji kupakia miti. Villiers ameandika jinsi mabaharia walivyofanya kazi kwenye tope na mbu hadi wengine wakaugua, na jinsi nahodha alivyokuwa mfanyabiashara, imamu na hakimu wa chombo kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua kwa nini boriti ilikuwa ghali Bahrain aisome sehemu ya Rufiji.

Sasa tajiri mwenyewe. Katika mfumo huu tajiri ndiye aliyekuwa na kibali na mtaji. Mkataji hakuwa na kitu ila shoka na mikono yake. Tajiri alimpa posho kabla ya safari: unga, sukari, majani ya chai, pengine fedha kidogo za kumwachia mke. Mzigo uliporudi, posho ilikatwa kwanza. Mwaka wa soko zuri mkataji alibaki na kitu. Mwaka mbaya alibaki na deni, na deni likamrudisha kwa tajiri yule yule msimu uliofuata. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani tunaimba sifa za wazee. Utaratibu wa posho bado upo katika ukataji wa mikoko Lamu, na kila anayeujua anajua nani hulala akiwa na hesabu na nani hulala akiwa na deni.

Lakini tajiri huyo alikuwa na jambo moja ambalo halionekani kwenye daftari la korja. Ijumaa alisimama safu moja na wakataji wake. Kisiwa kama Fuma au Chula si mahali pa kujificha: kisima kimoja, msikiti wa kutawadhia pamoja, makaburi yale yale. Mkataji aliyedhulumiwa hakuhitaji wakili. Alihitaji tu kukaa barazani baada ya sala ya alasiri na kusema, wazee wakisikia. Tajiri aliyekuwa na jina baya barazani alipata tabu kumwoza binti yake na tabu zaidi kupata wakataji msimu ujao.

Ndiyo maana sehemu ya fedha za miti iliganda kwenye mawe. Misikiti ya zamani ya visiwa hivi, ambayo magofu yake mwanaakiolojia Neville Chittick aliyakagua na kuyachapisha mwaka 1969, ilijengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa, na jengo la namna hiyo huezekwa kwa boriti. Mwenye mali alitoa miti, fundi akatoa mkono wake. Na zaidi ya jengo kulikuwa na wakfu. Wasiojua kwa upande wa bara wafikirie amana ya Karume, ila ya kidini na isiyovunjika kirahisi: mtu hutenga nyumba, duka au shamba la minazi, akasema kodi yake itanunua mafuta ya taa ya msikiti, itamlipa mwalimu wa chuo, itachimba kisima. Tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, haigawiwi kwa warithi, haiwekwi rehani. Msimamizi huitwa mutawali. Kenya ina Kamishna za Wakfu na Zanzibar ina kamisheni yake, na zote mbili zina faili nene za malalamiko ya mutawali aliyekula alichopewa kulinda. Mali ya wema haina kinga ya ajabu, iwe Kiambu au Lamu.

Kanisa nalo si geni kwenye pwani ya Kismayo, ingawa wengi hushangaa kulisikia. Wamisionari Walutheri kutoka Uswidi walifungua kazi hapo mwishoni mwa karne ya 19 wakaenda hadi mtoni Juba, miongoni mwa watu waliotoka utumwani, wakabaki hadi Waitaliano walipowaondoa mwaka 1935. Hapa nalitaja kwa sababu moja: hoja ya tajiri kuonekana na watu wake haina dini. Mzee wa kanisa mwenye kiwanda cha mbao Mafinga na haji mwenye mashua ya boriti Faza wote hukutana kila wiki na watu wanaojua miti ilikatwa wapi.

Je, uchamungu wa tajiri ndio uliouhifadhi msitu? Mimi siamini. Upepo ndio uliokuwa kibali. Bumu lilikuja mara moja kwa mwaka, likapakia, likaondoka, na msitu ukapata miezi ya kupumua. Na mkoko una tabia yake inayodai kupumzishwa: ukiukata kwenye shina hauchipui tena kama mchu unavyoweza kuchipua. Uhai wake umo katika mbegu ambayo huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama mkuki, kisha ikaanguka na kujichoma topeni au ikaelea hadi pengine. Ukimaliza miti mama yote kwenye mkono mmoja wa bahari, hakuna mkuki utakaoanguka. Wazee waliacha miti mikubwa, wengine kwa hekima, wengine kwa sababu shoka lilichoka na maji yalianza kutoka.

Biashara hiyo ilikufa kwa pande mbili. Ghuba ilipata mafuta, ikanunua saruji na chuma. Nasi tukafunga mlango: Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Leo Kenya inahesabu takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu iko Lamu. Upande wa Somalia mlango haukufungwa na mtu, ulivunjwa. Serikali ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda. Visiwa viliporwa, watu wakapanda vyombo wakakimbilia Kenya, wengi wakawekwa kambini Jomvu, Mombasa. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwarudisha baadhi yao visiwani. Wengine hawakuona cha kurudia, wakabaki pwani ya Kenya au wakaenda mbali zaidi.

Na katika nafasi iliyoachwa wazi ndipo akaingia tajiri wa makaa.

Makaa ya Kismayo hayatoki kwenye mikoko. Yanatoka bara, kwenye migunga ya bonde la Juba na mbuga za Badhaadhe, hasa jamii ambayo Wasomali huiita galool, mti mgumu unaochukua miongo kukomaa na unaotoa kaa zito lisilo na moshi mwingi. Hukatwa, hufunikwa kwa udongo, huchomwa siku kadhaa. Tanuri la udongo ni mlafi: tani moja ya makaa hula tani tano hadi kumi za miti. Magunia hupelekwa Kismayo au Birikau, yakapakiwa, chombo kikapita nje ya mwamba wa visiwa kuelekea Ghuba. Mtu aliyesimama ufukweni Fuma anaweza kuona utajiri wa nchi ukipita mbele yake bila kushusha hata kamba. Huko uendako ni chakula cha shisha na nyama ya kuchoma. Soko ni lile lile lililonunua boriti. Sasa linanunua moshi.

Kiasi kilitisha. Majeshi ya Kenya na wenzao wa Ras Kamboni walipoingia Kismayo mwishoni mwa mwaka 2012, Kundi la Uangalizi la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mjini na kandokando yake kulikuwa na magunia kama milioni 4 yakisubiri. Azimio lilikuwa limekwisha kupita miezi kadhaa nyuma. Magunia yaliondoka hata hivyo. Mwaka 2014 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na INTERPOL walikadiria kuwa Al-Shabaab hupata dola milioni 38 hadi 56 kwa mwaka kutokana na makaa pekee, zaidi kwa kutoza ushuru njiani. Oktoba mwaka huo Baraza la Usalama likaruhusu meli za kivita kukagua vyombo vinavyoshukiwa baharini.

Hapa wasomaji wetu wa Garissa na Mombasa wanajua sura ya pili. Chombo kinachopeleka kitu cheusi hakirudi kitupu. Kilirudi na kitu cheupe. Novemba 2015 kundi la Journalists for Justice la Nairobi lilitoa ripoti iliyoitwa kwa rangi hizo mbili, nyeusi na nyeupe, ikidai kwamba maofisa wa jeshi la Kenya walikuwa na mkono katika makaa yanayotoka Kismayo na sukari inayoingia kupitia huko hadi Dhobley na Kenya. Jeshi lilikanusha. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa nazo zilieleza jinsi mapato ya bandari yalivyokuwa yakigawanywa baina ya watu waliokuwa wakipigana mchana. Mwenye duka la jumla aliyelipa ushuru halali wa sukari Mombasa ndiye aliyelipia ndoa hiyo, kwa kuuza chini ya bei aliyonunulia.

Na makaratasi yalitembea vizuri kuliko meli. Wataalamu hao walikuta vyeti vya asili vya bidhaa vikisema makaa ya Somalia yametoka Komoro, Ghana au Ivory Coast. Baadaye, katika ripoti ya mwaka 2018, walieleza njia mpya: mzigo hushushwa Iran, ukahamishwa kutoka magunia yake ukatiwa katika mifuko meupe iliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Iran, kisha ukavushwa kwenda Falme za Kiarabu. Anayefanya biashara ya mipakani anaijua mbinu hiyo hata kama hajawahi kugusa makaa. Mchele umebadilishwa gunia Holili, mbao zimebadilishwa karatasi Malaba.

Linganisha sasa matajiri hawa wawili. Wa boriti alidhulumu kwa posho, lakini alijulikana kwa jina, na alipokufa alizikwa pale. Wa makaa aghalabu hajawahi kuuona mti aliouuza. Anaishi jiji jingine, anafanya kazi kwa simu, na kati yake na mchomaji kuna mabwana wa vizuizi vya barabarani, mwenye lori, wakala wa bandari na nahodha. Huenda ni mcha Mungu sana huko aliko. Huenda hata anajenga misikiti au makanisa. Mchomaji wa Badhaadhe hawezi kumsema barazani. Hilo ndilo lililopotea pwani hii, na hakuna azimio la Baraza la Usalama linaloweza kulirudisha.

Inawezekana kufanya vingine, na mifano ipo kwetu. Kaskazini mwa Somalia, Fatima Jibrell, aliyeanzisha shirika la Horn Relief mwaka 1991, aliwashawishi wazee, wanawake na vijana hadi Puntland ikapiga marufuku kusafirisha makaa mwaka 2000. Mwaka 2002 akapata tuzo ya mazingira ya Goldman. Alichokifanya kilikuwa kazi ya baraza: kumfanya mfanyabiashara wa makaa aone haya mbele ya watu wa ukoo wake. Alijua kwamba kule ambako serikali haifiki, aibu hufika.

Mfano wa pili uko Gazi, kusini mwa Mombasa. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza mwaka 2013, unalinda hekta 117 hivi za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo, kama tani 3,000 kwa mwaka. Hakuna mti unaopakiwa. Fedha zinakwenda kwenye maji ya bomba, vitabu na majengo ya shule za Gazi na Makongeni, na wanakijiji ndio wanaoamua mkutanoni zianze wapi. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na Vanga wakaiga. Ukiutazama vizuri ni wakfu: mali haiuzwi, zao lake ni la jamii, na mutawali anaulizwa. Kiasi cha fedha si kikubwa, na bei ya kaboni hupangwa na wanunuzi walioko mbali, kwa hiyo sitamwambia mtu wa Lamu aache shoka lake kesho. Namwambia tu kwamba msitu uliosimama umeshapata mnunuzi.

Biashara ya miti yenyewe haitakwisha. Kenya ilipositisha ukataji kwenye misitu ya umma mwaka 2018, mbao za Mafinga na Sao Hill zilipanda bei kwa wanunuzi wa Nairobi na Mombasa, na malori ya Tanzania yakapata kazi Namanga na Horohoro. Uganda ilipozuia makaa ya biashara kaskazini mwa nchi kwa amri ya rais mwaka 2023, wenye malori walitazama upande mwingine. Kila nchi inapofunga msitu wake, shoka huvuka mpaka. Ndiyo sababu kuingia kwa Somalia katika Jumuiya, kulikokubaliwa na wakuu wa nchi Arusha tarehe 24 Novemba 2023 na kukamilishwa Machi 2024, si habari ya wanasiasa peke yao. Tumepata ndani ya soko letu pwani ndefu kuliko zote, yenye mzigo mmoja uliopigwa marufuku duniani, na misitu ambayo hakuna ofisi ya kuihesabu.

Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam atakayeletewa mzigo wa miti kutoka huko atapewa karatasi. Aisome, lakini aulize pia maswali ambayo mzee wa barazani angeuliza. Umekatwa mkono gani wa bahari, au bonde gani? Nani alikata, na alilipwa kabla au baada? Kijiji kilibakiwa na nini? Wakala anayeweza kujibu kwa majina ya watu na mahali ana mzigo tofauti na anayejibu kwa mhuri tu. Mizigo ya makaa ya Kismayo ilikuwa na mihuri mingi.

Kwa sasa swali hilo bado linasubiri forodha. Mei 2023 Kenya ilitangaza kuwa itafungua mpaka wake na Somalia kwa awamu, Mandera kwanza, kisha Liboi, na Kiunga upande wa Ras Kamboni mwisho. Julai, baada ya mashambulizi ndani ya Kenya, mpango huo ukaahirishwa. Safari ya Kiunga hadi visiwani, ambayo babu wa mtu wa Fuma aliifanya kwa kusi na kaskazi bila kuulizwa jina, bado haina dirisha la kugongea muhuri.